Ubao wa Bibi Mize

KITUO CHA POLISI BAGAMOYO
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kuvunja nyumba, kuharibu mali na kuchukua baiskeli ya Rehani Msabaha, Zinga, tarehe 27 Agosti 1968
Jina la shahidi: Mwaija binti Dadi
Umri: Miaka 44
Kabila: (pameachwa wazi kwa ombi la shahidi)
Dini: Mwislamu
Kazi: Kusuka na kuuza mikeka
Makazi: Dunda, Bagamoyo mjini
Tarehe na saa: Ijumaa, 30 Agosti 1968, saa 3.15 asubuhi
Mwandishi: Koplo Gervas Lupembe

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo aliniamkia shikamoo nami sikumwitikia. Si kiburi. Marahaba yenyewe ilikataa kutoka. Ameniambia kwamba nikitaja kosa langu mwenyewe, maneno haya yanaweza kutumika dhidi yangu mahakamani. Nimemwambia aandike, tena aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Naanza na lile lililonileta, nisije nikazunguka nikapata pa kukimbilia. Ubao ambao mji mzima unasema umeibwa na Mzee Rehani Msabaha, fundi chokaa wa Zinga, yeye hakuuiba. Niliuchukua mimi. Huu hapa mezani, nimeuleta ndani ya kanga.

Koplo ameuliza ubao wa namna gani, kwa kuwa yeye si mtu wa huku. Ni ubao wa chuoni, wa mtoto kuandikia akijifunza Kurani. Urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Umepasuka katikati, umebanwa kwa kipande cha bati na misumari miwili. Ulikuwa wa bibi yangu, mama yake mama yangu, jina lake Mize. Bibi Mize aliletwa Bagamoyo na msafara kutoka bara, mtoto hajaota hata meno ya pili, akanunuliwa. Kazi yake ilikuwa kufagia baraza ya bwana wake, na kwenye baraza hiyo hiyo watoto wa nyumba walikuwa wakisomeshwa. Mkono unafagia, sikio liko kwao. Wakikosea alikuwa anajua kuwa wamekosea, na hana ruhusa ya kusema. Siku moja mtoto mmoja aliupasua ubao wake ukatupwa jalalani. Bibi aliuokota, akautengeneza mwenyewe.

Alipopata uhuru wake alikwenda kwa mwalimu na ubao huo kwapani, mwanamke mzima, akaketi mkekani pamoja na watoto wa miaka saba. Walimcheka sana. Alimfulia mwalimu nguo, alimchotea maji, akasoma miaka kumi na moja mpaka akahitimu. Siku hiyo aligeuza ubao, na nyuma yake akachonga mstari wake kwa ncha ya msumari, kwa herufi za Kiarabu. Chini yake mama yangu, Bimdogo, alichonga jina lake alipohitimu. Na mimi nikachonga langu nikiwa na miaka kumi na miwili, bibi mwenyewe kanishika mkono, mkono wake mkavu una harufu ya karafuu. Mwaka uliofuata alifariki. Binti yangu Mardhiya naye jina lake limo.

Kwetu kuna desturi, na ni ya nyumba yetu tu, si ya mji. Siku ya harusi, kabla bibi harusi hajatolewa, anaushika ubao mbele ya wanawake wa pande zote mbili na kuusoma upande wa nyuma, kuanzia mstari wa bibi mpaka jina lake mwenyewe. Mama alisoma siku yake. Nami nilisoma siku yangu, lakini nilisoma upesi upesi na kwa sauti ya chini, hata mama akanifinya. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa nyumba ya jirani na wote walikuwa wanajua. Mjini hapa kila mtu anajua mwenzake katoka wapi, na hakuna anayesema.

Mnamo tarehe 10 Agosti 1968, siku ya Jumamosi, kama saa nne asubuhi, walikuja wageni kutoka Pangani. Ni watu wa Sadallah, kijana aliyemposa Mardhiya. Harusi ilikuwa imepangwa Ijumaa ya tarehe 6 Septemba, yaani mwezi huu huu wa mfungo tisa. Mkubwa wao alikuwa shangazi yake Sadallah, Bi Sada. Nilimwandalia kahawa na halua, tukakaa. Akaniambia, "Bi Mwaija, sisi hatutazami mali. Tunatazama mtu katoka tumbo gani."

Hakuniuliza kitu. Hilo nataka liandikwe. Hakuniuliza, lakini mdomo wangu huu ulinitangulia. Nikamwambia, "Ondoa shaka, dada yangu. Bibi yetu ni wa Shihiri, Uarabuni, alikuja kwa jahazi na baba yake." Astaghfirullahi. Mardhiya alikuwa anapita na sinia. Alisimama, akanitazama, akainamisha macho, akaenda zake.

Mama alikuwa chumbani hakusikia. Alipotoka kuwaaga wageni aliwaambia kwa furaha, "Siku ya harusi mje mapema, mtasikia ubao wetu ukisomwa." Bi Sada akasema watakuja wote, hata wazee. Nikaona jinsi mstari wa bibi utakavyosomwa mbele ya Bi Sada na kila aliyekuja naye, na uongo wangu wa Shihiri utakavyokaa uchi katikati ya mkeka.

Jumatatu tarehe 12 Agosti, saa mbili asubuhi, Mzee Rehani Msabaha alifika kwa baiskeli yake kutoka Zinga kuja kupaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi. Ni mtu wa miaka sitini na kitu. Ametupakia nyumba tangu baba yangu yu hai. Ubao ulikuwa umetundikwa juu ya kitanda cha mama. Alipoufikia ukuta ule, aliteremka ngazini, akaenda mtungini, akatia udhu. Nilikuwa uani nasuka, nikamuona kwa macho yangu anaosha mpaka miguu, chokaa inamchuruzika. Ndipo akapanda akautoa kwa mikono miwili. Mama alikuwa anaumwa mgongo, hakuweza kuinama, akamwambia auweke mwenyewe ndani ya sanduku. Akauweka. Akasema, "Amana yako hiyo, Bimdogo." Sanduku halina kufuli.

Jumatano tarehe 14 Agosti, kama saa nne asubuhi, mama alikwenda msibani Kaole. Mzee Rehani alikuwa anapaka ukuta wa nje, upande wa nyuma. Mardhiya alikuwa sokoni. Niliingia chumbani, nikafungua sanduku, nikauchukua ubao, nikaufutika chini ya kanga na kuupeleka jikoni. Niliuficha ndani ya gunia la vifuu vya nazi. Nilikuwa nasikia brashi ya Mzee Rehani inavyokwenda ukutani, naye anavuta uradi wake polepole.

Koplo ameuliza kama nilikusudia kuuteketeza. Hapana. Nilikusudia kuufuta mstari mmoja tu, kisha niurudishe. Nilijiambia kuwa mama macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na Mardhiya ataanzia kwa jina la mama, na wageni watasikia majina matatu ya watu waliohitimu, nao watasema mashaallah. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Alhamisi tarehe 15 Agosti, saa nane mchana, nyumba nzima imelala baada ya chakula, niliketi jikoni nikachukua kipande cha chupa nikaanza kukwangua. Bibi alikuwa amechonga kwa nguvu. Herufi ziliingia ndani ya mti, chupa haikuzifikia, ikabidi nichukue kisu. Nilianzia mwisho wa mstari, nikaenda nyuma mpaka jina lake. Jina niliogopa kidogo. Kisha nikalikwangua nalo.

Nilipomaliza ndipo nikaona nilichofanya. Ubao ule ni mweusi kwa masizi na mikono ya watu wa miaka mingi. Pale nilipokwangua pamekuwa peupe, tena pana bonde, hata kipofu angepapasa akajua. Nilipaka masizi ya sufuria, nikapaka mafuta ya nazi. Paligeuka rangi ya kidonda. Sikuweza tena kuurudisha, nikauzika chini kabisa ya gunia. Adhana ya alasiri ilinikuta nanawa mikono.

Ijumaa tarehe 16 Agosti, kama saa kumi na moja jioni, fundi kamaliza kazi na kaondoka, mama alifungua sanduku ili autundike ubao wake. Hakuuona. Alitoa nguo zote moja moja, akazirudisha, akazitoa tena. Akaniita. Akaniuliza, "Mwaija, ubao uko wapi?" Nikamjibu maneno haya, nayataja yalivyo: "Mimi sijui, mama. Aliyeushika mwisho ni fundi."

Maneno hayo hayana uongo kwa masikio ya mama, maana yeye alimuona fundi akiuweka. Ndiyo maana niliyachagua. Mama aliketi chini. Mwanangu wa kwanza, Salumu, ambaye anafanya kazi kwenye lori la mawe, alikuwa anakula. Aliacha kula. Sikusema zaidi, na wala haikuhitajika.

Jumapili tarehe 18 mama alimwita Mwalimu Husseni, anayesomesha chuo cha mtaa wetu, akamwomba asome Halbadiri. Namweleza Koplo: ni kisomo cha kuwataja mashahidi wa vita vya Badri na kumwomba Mungu amfichue mwizi au ampatilize. Huku pwani mtu akisikia Halbadiri inasomwa, alichoiba hukirudisha kabla hakujapambazuka. Mwalimu Husseni hakupenda. Alimuuliza mama mara mbili, "Mna hakika umeibwa? Mmeshatafuta kila mahali humu ndani? Jambo hili si la mchezo, Bimdogo." Mama alinigeukia mimi. Nikasema tumetafuta mpaka jikoni. Mwalimu akaweka muda wa siku tano, ikatangazwa msikitini baada ya sala: aliyeuchukua aurudishe kabla ya Ijumaa.

Nilikuwa na siku tano, Bwana Koplo. Kila siku nilikuwa napika pembeni ya gunia lile.

Jumatatu tarehe 19, saa tatu asubuhi, Mzee Rehani alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia Zinga. Hakukaa kitini, alikaa chini mlangoni na kofia yake mkononi. Alimwambia mama, "Bimdogo, mimi ubao wako niliushika kwa udhu. Leteni msahafu nile yamini." Mama akaanza kulainika, nikamuona. Nami nikaona mama akimwamini fundi, jicho litageuka humu ndani. Nikasema kwa sauti, "Mwizi ataogopa kuapa? Aliyeweza kuiba maneno ya Mungu atashindwa kuyaapia?"

Mzee yule alinitazama. Hakunikasirikia. Nadhani alikuwa ananionea haya, kwa kuwa mimi amenijua nikiwa mtoto wa kubebwa. Akasema, "Basi someni. Na mimi nitakuja niitikie amina."

Akaja kweli. Ijumaa tarehe 23 Agosti, baada ya sala ya alasiri, kisomo kilisomwa barazani kwetu. Wanaume walikuwa kama ishirini barazani, sisi wanawake tuko ndani mlango wazi. Kila Mwalimu Husseni alipoomba aliyeuchukua ubao ule apatwe, watu waliitikia amina. Mzee Rehani alikuwa amekaa mbele, anaitikia kwa sauti kuliko wote. Na mimi niliitikia. Nilikuwa nimekaa kati ya mama na Mardhiya, kunyamaza ningejulikana. Nilijiapiza mwenyewe kwa mdomo wangu zaidi ya mara thelathini.

Jumapili tarehe 25, asubuhi, Mzee Rehani alikuwa kwake Zinga anakoroga chokaa akaanguka. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia na mguu vikafa, na ulimi hauwezi kusema neno. Kiharusi kimempata mtu wa umri wake, aliyeshinda juani, aliyekuwa na wiki nzima hapati usingizi kwa kusingiziwa. Lakini mjini hakuna aliyesema kiharusi. Mpaka saa saba mchana habari ilikuwa imeenea kote: Halbadiri imemshika fundi. Watu walikuja kumpa mama mkono kama mtu aliyefiwa na kupata kwa wakati mmoja. Jirani mmoja aliniambia, "Umeona, Bi Mwaija? Mungu hachelewi." Nikamwambia, "Nimeona."

Mimi sikuumwa hata kichwa. Nililala nikaamka, nikasuka ukili, nikala. Nilikuwa najitazama kwenye kioo mdomo wangu kama umepinda. Haukupinda. Ningependa ungepinda.

Jumanne tarehe 27, kama saa kumi jioni, Salumu na vijana wenzake walipanda lori la mawe wakaenda Zinga kuutafuta ubao. Sikwenda nao, kwa hiyo ya huko nayasema kama nilivyosikia: walipindua kitanda na mgonjwa yuko juu yake, wakachimba sakafu, wakamwaga chokaa, wakavunja ngazi, wakaondoka na baiskeli. Kabla hawajaondoka Salumu alikuja kuniaga. Alisema, "Mama, tunakwenda kuuleta ubao wa bibi." Ningeweza kumwambia. Gunia lilikuwa hatua nne kutoka pale tuliposimama. Nilimwambia, "Msimguse mzee." Hilo ndilo jema pekee nililosema tangu mambo haya yaanze, nami naona aibu hata kulitaja.

Jumatano mlimkamata Salumu. Koplo ameuliza kama nimekuja ili mwanangu aachiwe. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba Salumu alivunja nyumba ya mtu na mumhukumu kwa hilo. Lakini aliyemtuma ni mimi, ingawa sikumtuma.

Na hata alipokamatwa sikuja. Kilichonileta ni hiki. Jana, Alhamisi tarehe 29 Agosti, saa nne asubuhi, alikuja Bi Ashatu, mke wa Mzee Rehani, kwa miguu kutoka Zinga. Miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alipiga hodi, akaamkia, akapiga magoti mbele ya mama yangu. Alikuwa na kitu kifuani kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alikifungua, ni msahafu. Akasema, "Bi Mkubwa, mume wangu hawezi kusema. Nyumba nimeitafuta yote, ubao wenu sijauona. Labda aliuza, labda aliutupa, mimi sijui. Huu msahafu alipewa na baba yake siku aliyohitimu, ndicho kitu chake alichokipenda. Uchukueni badala ya wenu. Lakini tafadhalini, mfungulieni kisomo, afe anaweza kutamka shahada."

Bwana Koplo, mwanamke yule amekaa na mumewe miaka thelathini na mitano. Hata yeye alikuwa ameshaamini.

Mama alilia. Akasema, "Nimemsamehe, mwanangu, duniani na akhera," akanyoosha mikono kuupokea ule msahafu. Hapo miguu yangu ilinipeleka jikoni bila mimi kuituma. Nilimwaga gunia zima uani, vifuu vikatawanyika mpaka mlangoni, nikauchukua ubao nikaja kuuweka kwenye mapaja ya mama. Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru wangepiga. Mama aliupapasa nyuma kwa vidole, akafika pale penye bonde, vidole vikasimama. Akaniuliza, "Mama yangu alitumia miaka kumi na moja kuyapata maneno haya. Wewe umetumia muda gani?"

Nikamwambia, "Nilianza saa nane, mama. Kabla ya alasiri nilikuwa nimemaliza."

Mardhiya alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nimeshajifunza kuyasoma kwa moyo. Ningeyasoma kwa sauti." Tangu jana hajasema nami. Harusi sijui kama ipo. Bi Sada atasikia, na akisikia nitamwambia mwenyewe kuhusu Shihiri.

Bi Ashatu aliukunja msahafu wake ndani ya kitambaa taratibu, kona kwa kona. Nilimwangukia miguuni nikamwomba radhi. Akauvuta mguu wake. Akasema, "Nimelala naye siku nne namwogopa. Amenitazama kwa jicho lile moja linalotembea, akitaka kuniambia hakuchukua, na mimi nikageukia ukutani. Usiniombe mimi. Nenda kwanza ukaseme mahali watu walipomwita mwizi." Kisha akaondoka, hakunywa hata maji. Mama aliniambia nisirudi kulala ndani ya nyumba ile mpaka niwe nimesema. Nimelala jikoni.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Maelezo haya yasomwe Zinga mbele ya majirani wa Mzee Rehani, naye akiwa anasikia, maana masikio anayo. Na leo baada ya sala ya Ijumaa nitasimama uani msikitini kwa ruhusa ya Mwalimu Husseni niyaseme mwenyewe, pale pale ilipotangazwa. Nina hofu. Naogopa zaidi jicho lile la Mzee Rehani kuliko jela yenu.

Koplo amenitaka nieleze maneno yaliyokuwa kwenye mstari uliokwanguliwa, kwa kuwa ubao utakuwa kielelezo na hayasomeki. Nilikwangua ili yasisikiwe na wanawake kumi wa Pangani, na sasa yataingia kwenye jalada la serikali. Yalikuwa hivi: "Mimi Mize, nililetwa pwani kwa miguu, nikanunuliwa kwa jembe moja na doti mbili za kaniki. Leo nimehitimu juzuu thelathini. Nani ameninunua leo? Alhamdulillahi."

Na pale penye kabila nilipokuomba uache wazi, nilikuwa nakaribia kusema Mshihiri kwa mazoea. Andika kwamba sijui. Bibi alichukuliwa mdogo, hakukumbuka jina la watu wake. Andika hivyo.

Nimesomewa yote niliyosema, nimeyasikia, ni yangu. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Ningekuwa na njia ya kuyafanya yawe ya mtu mwingine, ningeitumia siku kumi na sita zilizopita, na ndivyo nilivyofanya.

Sahihi ya shahidi: (kwa herufi za Kiarabu)

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Gervas Lupembe ninathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili kama alivyoyatoa shahidi, na nimemsomea. Kumalizika saa 5.40 asubuhi. Nimepokea kielelezo kimoja: ubao wa chuoni, umepasuka na kubanwa kwa bati, nyuma yake mna mistari mitatu iliyochongwa, na juu yake mahali palipokwanguliwa, urefu wa shubiri moja na nusu. Shahidi aliniomba ninawe mikono kabla ya kuushika. Nimenawa. Nimeuweka juu ya kabati, si sakafuni pamoja na vielelezo vingine.

Shahidi hajui kuandika kwa herufi za Kirumi. Alipotia sahihi kwa herufi za Kiarabu niliona ameandika maneno mengi kuliko jina lililo juu ya fomu, nikamtaka anisomee, kwa ajili ya kumbukumbu. Alisoma kwa sauti, na askari waliokuwa kaunta walisikia: "Mwaija binti Bimdogo, binti Mize aliyenunuliwa kwa jembe moja na doti mbili za kaniki."